Mpiga debe hana basi

Chukua sehemu moja ya simulizi za Facebook uitazame vizuri, si kwa ajili ya kisa bali kwa namna ilivyopangwa. Sehemu ya 11 inaanza na picha ya msichana aliyeegemea mlango, picha ambayo pengine imeokotwa tu mtandaoni. Chini yake kuna jina la hadithi kwa herufi kubwa, jina la mtunzi na namba ya simu. Kisa kinakwenda mbio kwa maneno kama 800: shemeji anafungua begi lisilo lake, anaona bahasha, anaisogeza kwenye mwanga wa taa, na hapohapo linaanguka neno ambalo kila msomaji wa Kiswahili analijua na kulichukia: itaendelea. Mstari wa mwisho ndio biashara. Anayetaka hadithi nzima atume fedha kwa simu, ataje jina la hadithi, naye ataingizwa kwenye kundi la WhatsApp au atatumiwa faili. Hakuna mchapishaji, hakuna duka la vitabu, hakuna gari la magazeti linaloondoka Dar es Salaam alfajiri. Kuna simu, bando na kipaji cha kukata kisa mahali panapouma.

Simulizi hizi hudharauliwa, lakini kwa anayetaka kujua kama zana za bure za intaneti zinamfaa mwandishi wa kujitegemea, hakuna darasa lililo wazi kuzidi hili. Ubishi wenyewe ni mkali. Wapo wanaosema simu imevunja ukuta uliosimama kati ya mtunzi na msomaji. Wapo wanaosema imemgeuza mtunzi kibarua asiyelipwa wa kampuni za California. Nimeziweka hoja hizo barazani kwa sauti tatu: msimuliaji kijana wa Facebook, mhariri mstaafu wa gazeti, na dada anayeandika kwa malipo maandiko ya miradi, tafsiri na hotuba zinazosomwa na wengine. Si watu halisi. Ni hoja zilizovishwa kanzu na kanga ili zikae tuzione. Upande wangu nausema mapema, maana mwenyekiti anayejifanya hana upande huchosha. Nasema zana za bure ni mpiga debe. Mpiga debe wa stendi si wa kubezwa: bila yeye basi linaweza kuondoka na viti vitupu. Lakini yeye hana basi, haendi Morogoro, na akishamaliza kukuitia abiria anahamia gari la jirani kuita kwa sauti ileile.

“Shikamoo, mzee,” anaanza msimuliaji. “Enzi zenu mtu akiandika riwaya alibeba bahasha hadi ofisini kwenu, akaambiwa aje Jumatatu, na Jumatatu akaambiwa mhusika amesafiri. Leo namaliza sehemu usiku, asubuhi imeshasomwa Kigoma, Mombasa, Lubumbashi na Muscat. Msomaji ananiambia palepale kwamba polisi wangu anaongea kama mwalimu mkuu, nami narekebisha. Sijalipa hata senti ya tangazo. Kama hii si neema, neema ni ipi?” Anasema kweli, tena ana historia nyuma yake kuliko anavyodhani. Hadithi za mfululizo ziliuza magazeti ya Kiswahili miaka mingi kabla Facebook haijazaliwa mwaka 2004. Eric Shigongo alijulikana nchi nzima kwa riwaya zilizotoka vipande vipande kwenye magazeti ya Global Publishers, kampuni yake mwenyewe, kisha zikauzwa kama vitabu. Ben Mtobwa, aliyemtunga mpelelezi Joram Kiango, naye hakukaa kungoja mlango wa mtu: alianzisha Heko Publishers. Ukiwatazama wawili hao utaona jambo ambalo kijana wetu amelipita. Kila mmoja alikuwa na mahali pa kumpakia msomaji aliyekwishaitwa: kitabu chenye jina, kampuni yenye anwani, bei inayojulikana. Gazeti liliita, kitabu kikabeba.

Mhariri anakohoa kidogo. “Marahaba, mwanangu. Ila umesahau kwamba gazeti lililipa. Kidogo, kwa kuchelewa, lakini lililipa. Hata korespondenti wa wilayani alihesabiwa habari zake zilizotoka. Wewe unatoa maneno 800 kila siku, kampuni inapanga matangazo yake katikati ya maneno yako, wewe unapewa laiki. Kabla hujafika sehemu ya 11, zile 10 za kwanza zimeshanakiliwa kwenye kurasa nyingine, jina lako limefutwa, na kuna mtu anauza mwendelezo ambao hata hana. Halafu kuna hili la mazoea. Msomaji aliyelelewa kwa vya bure, siku utakayomwambia alipe atakuona umekuwa mchoyo.”

Hoja ya wizi ni nzito, na haijibiwi kwa kutaja sheria peke yake. Sheria ipo: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi tangu pale anapoandika, bila kungoja cheti cha mtu. Lakini mtunzi atakayefukuzana na kila aliyenakili simulizi yake kutoka kundi hadi kundi atakuwa ameacha kazi ya kuandika na kuanza nyingine isiyo na mshahara. Swali la maana ni jingine: kati ya vyote alivyo navyo, kipi kikiibwa kinamfaidi? Nusu ya kwanza ya hadithi, yenye jina lake na namba yake vilivyosukwa ndani ya maandishi badala ya kubandikwa juu tu panapofutika kwa kidole kimoja, ikiibwa inaendelea kumwitia abiria. Mwizi anakuwa mpiga debe wa pili, na huyu hadai hata soda. Kinachouma ni mwisho wa hadithi, na mwisho haukupaswa kuwa barabarani. Ndiyo maana wasimuliaji wajanja hawauzi faili la hadithi nzima kwa siku moja. Wanauza nafasi katika kundi ambamo sehemu mpya inatoka kila jioni. Faili likishatumwa kwa mtu mmoja limeshatumwa kwa ishirini. Ila anayenakili kutoka kundini yuko nyuma kwa siku moja daima, na msomaji aliyeachwa na bahasha kwenye mwanga wa taa hayuko tayari kusubiri siku hiyo. Analipia kutongoja. Hiyo ni bidhaa, na haijawahi kuwa ya bure.

Kuhusu mazoea, mhariri amekosea, ingawa kosa lake ni la heshima. Fundi cherehani hutundika gauni mlangoni, na hakuna anayemlaumu kwa kumshonea anayetaka lake kwa fedha. Muuza maembe hukata kipande akakuonjesha. Mazoea mabaya hayatoki kwenye kuonjesha. Yanatoka kwenye kutokujua mwonjo unaishia wapi. Simulizi inayotolewa bure hadi sehemu ya 34, kisha kwa ghafla, kwa kuwa kodi ya chumba imefika, sehemu ya 35 ikawa ya kulipia, lazima ilete matusi. Ile iliyotangaza tangu siku ya kwanza kwamba sehemu 12 ni za wote na zilizobaki zinalipiwa, haina cha kuombea radhi.

Dada amekuwa kimya, na ukimya wake una sababu. “Kaka yangu, wewe unamuuzia msomaji,” anamwambia msimuliaji. “Anapenda, analipa, mmemalizana. Mimi nauzia vikundi vya akina mama, ofisi, shirika dogo, mchungaji anayetaka hotuba yake itafsiriwe. Laiki 900 hazijawahi kuniletea andiko moja la mradi. Mwenyekiti wa kikundi haji Facebook kutafuta mwandishi, anamuuliza jirani. Sasa mimi nikapige kelele mtandaoni ili nisikilizwe na waandishi wenzangu?”

Hapa ndipo mjadala mwingi wa aina hii unapofia, kwa sababu ushauri wote unaotolewa kwa waandishi wa kujitegemea umetungwa kwa ajili ya mtu wa Marekani anayewaandikia wenye maduka ya mtandaoni. Tuutazame mfano wa hapa. Halmashauri za Tanzania zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kinachoomba kinatakiwa kiwe kimesajiliwa, kiwe na katiba, na kiandike andiko la mradi. Wanachama wanajua kufuga kuku, kushona, kukamua alizeti. Hawajui kuandika sehemu inayoitwa “uendelevu wa mradi”, wala hawana sababu ya kujua. Hilo ni soko la mwandishi, na liko katika kila wilaya. Sasa chukua simu uandike kwenye Google maneno ambayo katibu wa kikundi angeyaandika: mfano wa katiba ya kikundi, jinsi ya kuandika andiko la mradi wa kuku. Kwa Kiingereza swali kama hilo linakutupa kwenye bahari ya kurasa zinazogombana. Kwa Kiswahili uwanja bado ni mpana. Wikipedia ya Kiswahili ina makala zaidi ya 80,000, ya Kiingereza imepita milioni 6, na tofauti hiyo inakuonyesha ni maswali mangapi ya watu wetu yanayoulizwa kila siku bila kupata ukurasa wa kuyajibu kwa lugha waliyouliza. Anayeandika ukurasa mmoja mzuri wa kujibu swali moja kama hilo, kwenye Blogger ambayo Google inaitoa bure tangu ilipoinunua mwaka 2003, hahitaji kupiga kelele. Anakaa kwenye njia ambayo mteja wake lazima aipite, au aipite yule jirani atakayeulizwa.

“Nikiweka mfano kamili wataunakili waandike wenyewe,” anasema dada. Watafanya hivyo baadhi yao, na hao hawakuwa wateja. Tazama yanayompata aliyebaki. Ameona kurasa 14 zilizopangwa, ameona jedwali la bajeti ambalo chakula cha vifaranga kimetenganishwa na cha kuku wakubwa, ameona ratiba ya marejesho inayoanza baada ya mauzo ya kwanza na si mwezi unaofuata mkopo. Amejaribu mwenyewe, jedwali limemshinda kwenye mstari wa tatu. Sasa anajua mambo mawili ambayo hakuyajua jana: kwamba kazi hii ni kubwa, na kwamba kuna mtu anaiweza. Chini ya ukurasa kuna namba. Matangazo mengi ya waandishi yanamkosesha mteja huyo jambo la pili. Yanasema: “Naandika habari, makala, vitabu, hotuba, CV, tafsiri, matangazo na kazi zote za uandishi kwa bei nafuu.” Ni kama basi lililoandikwa mbele “Mikoa Yote”. Nani atapanda? Linganisha na hili: “Naandika andiko la mradi la kikundi, pamoja na bajeti na mpango wa marejesho. Siku 5. Likirudishwa na halmashauri narekebisha bila malipo.” La pili lina kituo, muda na dhamana. Mpiga debe hata awe hodari vipi hawezi kulijaza la kwanza.

Kuna ushahidi mchungu kutoka Kenya wa yanayompata anayeita abiria bila kuwa na basi lake. Kwa miaka mingi maelfu ya vijana, wengi wao wahitimu wa vyuo vikuu, walijipatia riziki kwa kuwaandikia insha wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Zana zote zilikuwepo: majukwaa ya kazi, makundi, akaunti zenye nyota ambazo ziliuzwa na kukodishwa kama bodaboda. Uadilifu wa kazi yenyewe ni mjadala mwingine. Mwaka 2022 Uingereza ilipitisha sheria iliyofanya kuuza na hata kutangaza huduma hiyo kwa wanafunzi wa vyuo vya England kuwa kosa la jinai. Mimi natazama upande wa biashara. Kila ukurasa walioandika ulibeba jina la mtu mwingine. ChatGPT ilipotoka Novemba 2022 na kazi zikaanza kupungua, mtu aliyekwisha kuandika kurasa 2,000 alijikuta hana hata moja anayoweza kumwonyesha mteja mpya. Waliita abiria usiku na mchana kwa ajili ya magari ya watu. Na kwa kuwa kazi nyingi halali za kujitegemea nazo hubeba jina la mteja, hotuba kwa mfano, mwandishi wa aina ya dada yetu hana budi kujiandikia vielelezo vyake mwenyewe, kwa kikundi cha kubuni na mradi wa kubuni, ili awe na gauni la kutundika mlangoni.

Mhariri hajamaliza. “Neno bure mnalipenda, lakini bando mnanunua. Na saa je?” Tufanye hesabu yake. Mwandishi anayetumia saa 2 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kuposti, kujibu komenti, kubadilisha picha na kuangalia nani ametazama stetasi yake, anatumia saa 12 kwa wiki, saa 48 kwa wiki nne. Hizo ni siku sita kamili za kazi za saa nane. Hata huko kwenye majukwaa ya kazi ambako kujisajili ni bure, mlango wa pili una kiingilio. Upwork inauza tiketi za kuombea kazi kwa dola 0.15 kila moja, na tangazo moja linaweza kudai tiketi kadhaa. Tuseme ni 12. Maombi 10 yamekula dola 18, zaidi ya shilingi 40,000 za Tanzania, kabla hujapata jibu. Fiverr haikutozi kuomba, lakini katika kila dola 100 unazopata inabaki na 20. Sisemi ni wezi, maana hata mpiga debe hulipwa. Nasema tu kwamba mwenye basi anayejua hesabu hampi mpiga debe nauli yote.

Kwa hiyo namkubalia mzee kwamba saa ndiyo nauli halisi, na namkatalia kwamba dawa ni kuacha. Dawa ni kipimo. Laiki si kipimo, kwa sababu kidole kinachobonyeza laiki hakijui hata kama una kitu cha kuuza. Idadi ya wanaokufuata nayo ni ya jukwaa, si yako. Jukwaa ndilo linaloamua ni wangapi kati yao wataona ulichoandika leo. Kipimo ninachokiamini ni kidogo na kinaweza kuandikwa nyuma ya daftari: wiki hii ni watu wangapi wapya wameuliza bei, na kila mmoja wao alinijia kwa njia ipi. Mwandishi akifanya hivyo kwa miezi mitatu atagundua, pengine kwa aibu, kwamba mtandao uliomla saa nyingi haujamletea mtu, na kwamba ukurasa mmoja alioandika mwaka jana akausahau unamletea watu kila mwezi.

Msimuliaji hajapenda kuambiwa wafuasi wake si wake. “Nina watu elfu kumi na nne pale, kaka. Nimewakusanya kwa jasho langu.” Jasho ni lake, kiwanja ni cha mtu mwingine. Oktoba 4, 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja kwa takriban saa sita. Kila aliyekuwa na sehemu mpya ya kuuza jioni ile alikaa akiitazama simu. Hiyo ilikuwa hitilafu. Nchini Uganda, Facebook ilifungwa Januari 2021 siku chache kabla ya uchaguzi, na uchaguzi ulipopita haikufunguliwa. Tanzania mtandao wa X ulifungiwa Mei 2025. Google+, uliokuwa na nguvu za Google nyuma yake, ulifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019 kwa kuwa wenyewe waliona unatumiwa na wachache. Serikali, hitilafu na uamuzi wa kampuni ni sababu tatu tofauti zenye matokeo mamoja kwa mwandishi: wafuasi elfu kumi na nne wanageuka kumbukumbu. Hata ukurasa wa Blogger ninaousifu si mwamba. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za Tanzania za mwaka 2018 ziliwadai wenye blogu ada ya leseni ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, mbali na 100,000 ya maombi, na wapo walioamua kufunga. Ada hiyo ilikuja kupunguzwa na kanuni zimebadilishwa zaidi ya mara moja, kwa hiyo mwandishi wa Tanzania asome kanuni zilizopo kabla hajafungua ukurasa wake.

Mlango wa fedha una kizingiti chake. Substack inakupa jarida la barua pepe bila malipo na kuchukua asilimia 10 pale tu unapoanza kuwatoza wasomaji, jambo linalosikika kuwa la haki kabisa, mpaka unapogundua kwamba malipo yake yanapitia Stripe, ambayo haijamfungulia mlango wa moja kwa moja mfanyabiashara wa Tanzania wala Kenya. PayPal imekuwa kwa Mtanzania njia ya kulipia, si ya kupokea fedha. Mkenya aliunganishiwa na M-Pesa mwaka 2018. Ndiyo sababu msimuliaji, ambaye hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya biashara ya mtandaoni, aliwatangulia wataalamu: ameweka namba ya M-Pesa chini ya hadithi. Anajua msomaji wake analipa kwa njia ipi.

“Na hizo mashine zinazoandika zenyewe?” anauliza mhariri, na safari hii hatanii. “Nazo si za bure? Mnamtangaza mwandishi wakati maandishi yanashuka kama mvua.” Ni pingamizi lenye nguvu kuliko yote, na nisingependa kulipita kwa kusema mashine haina roho. Mashine inaandika andiko la mradi kwa dakika moja, na si baya kwa kulitazama. Tatizo linaanza siku andiko linaporudishwa na afisa maendeleo ya jamii akitaka bei ya kifaranga iliyowekwa ilingane na ya soko la wilaya yake, na wanachama walioorodheshwa walingane na wale wa kwenye katiba. Hapo kikundi kinamtafuta mtu, si maandishi. Maandishi yanavyozidi kuwa rahisi, ndivyo mtu mwenye jina, namba ya simu na kazi zinazoonekana anavyozidi kutafutwa, kwa sababu ndiye anayeweza kuulizwa. Kwa msimuliaji hali ni ngumu zaidi, nakiri. Lakini wasomaji wake wamemwambia kwamba polisi anaongea kama mwalimu mkuu, akawasikia, akambadilisha. Wanarudi kwa kuwa hadithi ile ina alama ya vidole vyao.

Linabaki swali la basi lenyewe, na jibu langu ni la kawaida mno hadi naona haya kulisema: ni orodha ya watu. Namba na barua pepe za walioonyesha kwamba wanataka kusikia kutoka kwako, zilizoandikwa mahali ambapo Facebook ikizimika zinabaki. WhatsApp ina kitu kiitwacho orodha ya kutangazia. Kila orodha inachukua watu 256 tu, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi huona masharti hayo kama kasoro na kukimbilia chaneli, zilizoanza 2023, ambako wafuasi hawana kikomo cha namna hiyo. Lakini kwenye chaneli hupati namba zao. Umerudi stendi kukutana na mpiga debe mwingine. Mimi nawapenda wale 256. Kila mmoja wao aliacha alichokuwa akifanya, akaandika jina lako kwenye simu yake, pengine akaongeza neno “simulizi” au “andiko” ili asikusahau.

“Ngoja kwanza, mwanangu,” mhariri anadakia, na mara hii ananigeukia mimi. “Hizo namba nazo si mali yako. Ni za watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya inayo ya 2019. Mtu alikutumia fedha ya hadithi moja. Nani alikwambia umtumie matangazo ya nyingine tano?” Sina la kubisha hapo. Msimuliaji ameshatoa simu, anawaandikia wanunuzi wa hadithi iliyopita: imekwisha, asanteni, nyingine inaanza wiki ijayo, anayetaka kutaarifiwa aihifadhi namba hii kwa jina, asiyetaka asifanye lolote. Dada anachungulia juu ya bega lake. “Ongeza hadithi inahusu nini,” anamwambia. “Mstari mmoja tu.”